Maswali ya Wasomaji: Beti zimenikauka, nifanyeje?

SWALI: Mwalimu, assalamu alaykum. Mimi ni mkazi wa Mishomoroni na ninafanya kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini Mombasa. Nimekuwa nikitunga mashairi tangu nilipokuwa shuleni, lakini mwaka huu sijakamilisha hata ubeti mmoja wa kuniridhisha. Kila kinachonijia kimekwisha kusemwa: bahari ni pana, mawimbi yana ghadhabu, mwezi unang'aa kama uso wa mpenzi. Rafiki yangu alinishauri niende ufuoni nikatulize akili, nami nimekwenda mara tatu, nikarudi na picha nyingi za simu na ukurasa mtupu. Mjomba wangu naye anasema kwamba mtu mzima kukaa akitazama maji ni uvivu.
Msomaji, Mishomoroni

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Rafiki yako hakukosea, ila hakukueleza la kufanya ukishafika. Ulikwenda kuitazama bahari, na bahari nzima ikitazamwa kwa mara moja haina la kumpa mtu isipokuwa maneno yaleyale uliyoyaorodhesha. Chagua mahali padogo, pasipozidi ukubwa wa mkeka, upatazame hapo hapo wiki baada ya wiki. Wala huna haja ya kupanda matatu kwenda Nyali, kwa kuwa jirani yako, upande wa Junda, kuna mikoko.

Kabla ya kwenda, jifunze saa ya maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Kwa hiyo ukienda Jumamosi saa kumi jioni ukayakuta yamejaa, Jumamosi itakayofuata, saa hiyohiyo, utayakuta yanakaribia kupwa, na palepale ulipoketi patakuwa pahali pengine kabisa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3. Katikati yake huja maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayarudi sana. Mvuvi yeyote anayajua haya bila ya kutazama karatasi, na nusu saa ya kuzungumza naye itakufaa kuliko picha 100 za simu.

Kisha jifunze majina. Nalisema hili kwa uchungu, maana mimi mwenyewe niliwahi kutunga ubeti nikausifu mkoko kwa mizizi yake iliyochomoza matopeni kama penseli, hadi mvuvi mmoja aliponicheka na kuniambia kwamba mti huo ni mchu. Mkoko mizizi yake hutoka shinani juu ya maji, ikapinda na kushuka kama miguu; mchu ndio wenye vijiti vilivyosimama vikipumua. Lamba jani la mchu na utaonja chumvi, kwa kuwa mti huo huitoa kupitia majani yake. Mbegu ya mkoko nayo huota ingali mtini, ikaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani, na siku ya kuanguka huweza kuchoma matopeni ikasimama papo hapo, au ikachukuliwa na maji hadi pasipojulikana.

Najua umekwisha kuona ubeti hapo, wa mwana na mama. Usiuandike! Kwa mwezi wa kwanza nakukataza neno "kama". Andika kilichopo tu: jani limefanya nini, kaa amekimbilia upande gani, maji yamefika kwenye mzizi wa ngapi. Tashbihi zinazokuja upesi ndizo zilizokwisha kutumiwa na wengine, na mtu huzivuka tu pale anapokaa na kitu muda wa kutosha kikamchosha, kisha kikaanza kumshangaza upya. Simu iache nyumbani. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu aliyefariki karibu na mwaka wa 1840, anasifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni. Wewe natarajia uufikishe matopeni tu.

Siku za kazi pia zisipotee bure. Foleni ikikukwamisha juu ya Daraja la Nyali, tazama mashua zilizotia nanga chini yako: maji yakijaa huelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, baharini, yakipwa hugeuka zikaelekeza bara, isipokuwa siku upepo unaposhinda nguvu za mkondo. Mizani na vina utavitafuta baadaye, na nadhani utashangaa jinsi maneno kama bamvua na mchu yanavyokusukuma kwenye vina ambavyo hukuwahi kuvijaribu.

Kuhusu mjomba, mheshimu, lakini mwalike Bamburi siku moja. Haller Park, bustani iliyoko huko, ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe ya matumbawe. Mwaka wa 1971 René Haller, mtaalamu kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili. Hata hivyo, majani yake yaliyoanguka hayakuoza, na pasipo kuoza hapakuwa na udongo. Haller aliona jongoo akiyatafuna majani hayo, akawaachilia majongoo wengi machimboni, na kinyesi chao kikasaidia kuanzisha udongo wa msitu unaouona leo. Muulize mjomba kama kumtazama jongoo ni uvivu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninachora hina na piko za maharusi hapa Kibokoni. Wateja huniletea michoro ya kwenye simu, nami sasa naona mkono wangu umesahau kubuni.
Binti wa Kibokoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mchoro wa simu ni ua lililochorwa na mtu aliyelitazama ua lililochorwa na mwingine, ndiyo maana petali zote zinalingana. Nunua asmini alasiri zikiwa bado matumba, zipange kwenye sahani, uchore moja kila nusu saa mpaka baada ya isha, maana asmini hufunguka jioni na kila tumba hufunguka kwa namna yake. Wiki nyingine tafuta mlangilangi, ambao ua lake huanza kijani likageuka manjano huku petali zake zikilegea na kujisokota. Chora kwa kalamu kwanza, si kwa hina, kwa kuwa hina ni ghali na harusi haingoji. Asmini zikishakwisha kuchorwa, zitie kwenye kikuba, kile kishada cha manukato wanachojipamba nacho wanawake.