Usilipie programu ya mashindano ya spidi kabla vidole vya mtoto havijakaa

Dada, hiyo hela usiitoe kwanza. Umesema wanao wa miaka 7 na 10 wanasomea nyumbani, na kuna mtu kakuahidi kwamba ukinunua programu yake ya mashindano ya kutaipu, watafika maneno 60 kwa dakika, halafu wewe uendelee na shughuli zako jikoni kwa sababu programu inafundisha yenyewe. Mimi niliambiwa maneno hayohayo, nikalipa Sh 80,000, na nimechoka kuona akina mama wanaendelea kuambiwa.

Programu haioni vidole. Shika hilo hata kama mengine yote utayaruka. Kompyuta inajua kwamba A imebonyezwa, haijui imebonyezwa na kidole gani. Mtoto akipeleka kidole cha shahada mpaka kule pembeni kwenye A badala ya kutumia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, nyota anapata ileile, na makofi anapigiwa yaleyale. Na sisi Kiswahili chetu kimejaa A kila neno. Kwa hiyo kosa hilo moja analirudia mara mia kabla hujageuza chapati, na kila mara mashine inamwambia hongera.

Kwa mwanangu mkubwa ilikuwa hivyo. Alama zinapanda, ngazi zinafunguka, nami natuma picha za skrini kwa bibi yake. Siku alipotakiwa kuandika insha ya ukurasa mmoja ndipo nikakaa pembeni yake nikaona: vidole viwili tu, kichwa kinashuka kwenye kibodi na kupanda kwenye skrini kama kuku anayedonoa mtama. Akiangalia vidole, skrini inajaa makosa asiyoyaona. Akiinua macho, anapoteza herufi. Na wazo la insha lishapotea katikati ya sentensi.

Sasa gharama yenyewe haikuwa zile Sh 80,000. Gharama ilikuwa kumvua ile tabia. Mtoto aliyezoea kukimbia na vidole viwili, ukimweka kwenye vidole kumi anaanguka mpaka chini kabisa. Wangu alikuwa anajiona bingwa wa nyumba, ghafla mdogo wake ambaye hajawahi kugusa ule mchezo akawa anampita. Alilia. Alisema amekuwa mjinga. Kuna kipindi alikataa kabisa kukaa mbele ya kompyuta, na mwalimu wake ni mimi huyuhuyu mama yake, hakuna mwingine wa kumpelekea anitulizie. Yule muuzaji nilipompigia akaniambia ninunue ngazi ya pili.

Na hayo maneno 60, ngoja nikufungulie. Kwenye vipimo hivi neno moja huhesabiwa ni mibonyezo mitano, nafasi ikiwamo. Maneno 60 ni mibonyezo 300 kwa dakika, yaani mitano kila sekunde. Anamwahidi hivyo mtoto wa miaka 7 ambaye mkono wake bado haujatanda vizuri kwenye kibodi ya mtu mzima! Mtu wa namna hiyo ama hajui kazi anayoiuza, ama anajua na anakula hela za watu.

Aliyetuokoa ni mama mdogo, aliyesomea Chuo cha Uhazili Tabora enzi za mashine za taipu. Alikuja kututembelea, akasimama nyuma ya kiti cha mtoto, hakusema kitu. Akavua kanga yake ya begani akaifunika mikono ya mtoto pamoja na kibodi. "Sasa andika." Kwao ndivyo walivyofundishwa, herufi zimefichwa, mchoro wa kibodi uko ukutani, macho hayana ruhusa ya kushuka. Mtoto akipotea, anapapasa F na J, zile zenye kijimwinuko, vidole vya shahada vinarudi hapo na vingine vinajipanga vyenyewe. Tangu siku hiyo kanga haikutoka mezani. Baba yao alikaa siku moja kuingiza nywila yake akakuta kibodi imefunikwa, ikabidi amwite binti yake amsaidie kuipata S.

Kinachofurahisha ni kwamba mstari wa katikati peke yake, kuanzia A mpaka L, unatoa Kiswahili cha maana. Mama mdogo alikuwa anasoma, watoto wanaandika: dada, kaka, saa, dagaa, ladha, shaka, kasha, ghafla, jalada, shahada. Hata sentensi nzima, "dada kala dagaa", "kaka kalala". Hakuna Q, hakuna X, hakuna kumlazimisha mtoto akariri neno la Kiingereza asilolijua ndipo apate pa kuweka kidole. Mdogo alicheka sana na hao dagaa, na wakati anacheka kidole cha mwisho cha kushoto kinafanya kazi yake kwenye kila A bila mtu kumkemea.

Programu zipo, na za bure. TypingClub inaonyesha mikono kwenye skrini na kidole kinachotakiwa, ila inataka intaneti, kwa hiyo inakula bando. GCompris na Tux Typing unapakua mara moja, kisha hata mtandao ukikatika mnaendelea. Tux Typing ndiyo ile ya pengwini anayekula samaki wenye herufi, na ina sehemu ya kuingiza orodha ya maneno yako mwenyewe. Hapo ndipo nilipowaweka dagaa na jalada. Lakini mchezo wa samaki uje mwisho wa somo, baada ya kanga, na siku za mwanzo kaa pale pale uangalie vidole. Ukiona cha shahada kinakimbilia A, simamisha, hata kama alama zinapanda. Hasa zikipanda. Spidi ifiche kabisa, isiandikwe ukutani, wala ndugu wasishindanishwe. Mtu asiulize "umefika ngapi" mpaka mtoto aandike sentensi nzima chini ya kanga bila kuchungulia. Baada ya hapo spidi inakuja yenyewe, wala huhitaji kuinunua.

Kwa hao wako wawili, anza na yule wa miaka 10 kama ameshaanza kudonoa, maana kila siku anayoendelea ni kazi zaidi ya kumvua. Muda wa somo uwe mfupi, vidole vidogo vinachoka, na kinachochoka kwanza ni kile cha mwisho ambacho ndicho unachokitaka. Na ukishavuka mstari wa katikati, mstari unaofuata uwe wa juu, wapate I, O, U na E, hapo watoto wanaanza kuandika majina yao na hutawatoa kwenye kiti.