Maswali na Majibu: Yesu na Sikukuu ya Kutabaruku

Tangu nilipoitaja hapa Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya siku nane, mmeniandikia sana. Najibu machache.

Nimepekua Mambo ya Walawi yote, Hanuka sijaiona. Iko wapi?

Huko hutaiona, maana ilikuja karne nyingi baada ya Musa. Mwaka 167 kabla ya Kristo, Antioko wa Nne, mfalme wa Siria aliyewatawala Wayahudi, alipiga marufuku tohara na Sabato, na Hekalu la Yerusalemu likanajisiwa. Yuda Makabayo na ndugu zake walipigana hadi wakalikomboa, na mwaka 164 wakalitabaruku upya, yaani wakaliweka wakfu tena, tarehe 25 ya Kislevu, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi. Napenda jambo moja dogo: mawe ya madhabahu iliyonajisiwa hawakuyatupa. Waliyaweka kando, wakisubiri nabii aje awaambie wayafanyeje.

Sasa fungua Yohana 10:22. "Sikukuu ya kutabaruku" ndiyo Hanuka yenyewe. Ni wakati wa baridi, na Yesu anatembea katika ukumbi wa Sulemani. Wengi tunaruka mstari huo, tunakimbilia "Mimi na Baba tu umoja". Lakini mstari wa 36 anasema Baba alimtakasa, na anayasema hayo siku zilezile watu wanapokumbuka kutakaswa kwa Hekalu. Nilipoligundua hilo, sura nzima niliisoma upya.

Mchungaji wetu anasema vitabu vya Wamakabayo, vyenye habari hizo za Yuda, si Biblia.

Kwa Waprotestanti si Biblia; kwa Wakatoliki na Waorthodoksi ni Biblia. Ugomvi huo siumalizi leo. Ila Waebrania 11:35 inataja walioteswa wakakataa kuokolewa ili wapate ufufuo ulio bora. Soma 2 Wamakabayo 7, habari za mama na wanawe saba, utajua ni kina nani.

Na ule muujiza unaosimuliwa, wa mafuta ya kinara cha Hekalu ya siku moja kuwaka siku nane?

Uko kwenye Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, si katika vitabu vya Wamakabayo. 2 Wamakabayo 10 inasema tu kwamba walishangilia siku nane, kama Sikukuu ya Vibanda.

Kinara kina taa saba, nane au tisa?

Cha Hekaluni kilikuwa na saba. Cha Hanuka kina nane pamoja na moja ya pembeni, iitwayo *shamashi*, yaani mtumishi, ambayo huwashia zingine. Usiku wa kwanza huwashwa moja, wa pili mbili, hadi nane. Mwanga wake haruhusiwi mtu kuutumia kusomea wala kufanyia kazi. Ni wa kutazamwa tu. Kinara huwekwa dirishani, wapita njia waone.

Basi na sisi Wakristo tuiadhimishe?

Sioni haja ya kuazima sikukuu ya watu na kuibandika jina letu. Kushukuru kunatosha: imani ile ingezimwa, Mariamu angemlea mwanawe katika ipi? Ukialikwa na jirani Myahudi, nenda. Utapewa donati zenye jamu, zilizokaangwa kwenye mafuta tele, ndugu wa maandazi yetu. Vijitabu vyako vya uinjilisti viache nyumbani.