Popo wamejaa Kidike, mbona bado wamo kwenye Orodha Nyekundu?

SWALI: Asalamu aleikum, mtaalamu. Miye ni mkaazi wa Chake Chake, Pemba. Popo wa Kidike, huku huku kisiwani, ni wengi mno, lakini nasoma kuwa wamo kwenye Orodha Nyekundu ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Tena kasa aitwaye ng'amba, aliyeenea bahari nyingi za dunia, ana daraja baya kuliko popo asiyepatikana nje ya Pemba. Imekuwaje?

JIBU: Waaleikumu salaam, ndugu yangu. Orodha hiyo, inayotunzwa na IUCN, yaani muungano wa kimataifa wa uhifadhi, hupima uwezekano wa spishi kutoweka. Wingi unaouona mtini ni sehemu tu ya hesabu. Madaraja ya hatari ni matatu, kuanzia lililo baya zaidi: hatarini mno, hatarini, na dhaifu. Vigezo ni vitano, na kimoja tu kikitimia kinatosha.

Ng'amba ameponzwa na kigezo cha kasi ya kupungua. Spishi iliyopungua kwa asilimia 80 katika miaka 10 au vizazi vitatu, hutazamwa kipindi kilicho kirefu zaidi, inaingia hatarini mno. Ng'amba huchelewa sana kupevuka, kwa hiyo vizazi vyake vitatu vinazidi miaka 100, na humo ndimo ilimo biashara yote ile ya magamba yake iliyompunguza. Viota vichache vilivyoongezeka mwaka huu kwenye kisiwa cha Misali, ingawa vinanifurahisha mno, havifuti hasara hiyo.

Popo wa Pemba mwaka 1996 naye alikuwa hatarini mno, kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wapemba wenyewe wakamlinda, akaongezeka, akashushwa hadi dhaifu. Hapo wengi huuliza: kisiwa hakifiki kilomita za mraba 1,000, na kigezo cha eneo kinasema chini ya 5,000 ni hatarini, vipi asiwekwe huko? Kwa sababu udogo wa eneo peke yake hautoshi. Lazima uandamane na mengine, kama vile makao kukatika vipande au idadi kuendelea kushuka. Lakini spishi yenye makao machache kabisa, ambayo janga moja laweza kuiangamiza kwa muda mfupi, huweza kuitwa dhaifu hata ikiwa inaongezeka.

Angalia pia tathmini ni ya wapi. Nguva duniani ni dhaifu, ila wa Afrika Mashariki walitangazwa hatarini mno mwaka 2022: waliopevuka wanakadiriwa hawafiki 250.