Kimulimuli na nyigu: majibu ya maswali yenu

Jina iko mbele ya kila swali ni ya fasi muulizaji anaishi, huku Bukavu na kando yake.

Panzi: Kimulimuli na nyigu ni jamaa moja? Vyote vinaruka.

Hapana. Kimulimuli iko mbawakavu, nyigu iko karibu na nyuki na siafu. Kuruka haionyeshe ujamaa, popo nayo inaruka.

Bagira: Moto ya kimulimuli inaweza kuunguza mutoto?

Tena hii swali! Haiunguzi. Ni mwangaza baridi, inatoka ku tumbo pale luciferini na luciferasi (kemikali za mwili wake) vinakutana na oksijeni, joto karibu hakuna.

Kadutu: Nyigu imejenga chini ya bati, nichome na esansi (petroli)?

Usichome!! Nyumba za mbao zimebanana vile, unawasha moto kwako na jirani naye anabakia bila nyumba, juu ya kiota tu. Nyigu wa kiuno kirefu, kama Belonogaster juncea, anatafuna mbao, anachanganya na mate, anatengeneza karatasi, njo kile kiota munaona kinaning'inia bila kifuniko. Anawinda viwavi, anavitafuna, analisha watoto wake, kwa hiyo bale munaomwaga dawa ku kila kiota munaua askari ya maharagwe yenu na kisha munakuja kulia juu ya viwavi. Kama kiko juu ya mlango, sawa, kitolewe usiku na mtu anayejua, bila moto. Majike tu njo yanauma, na moja inaweza kuuma mara mingi juu mwiba haubakie ndani ya ngozi. Aliyeumwa akivimba uso ao pumzi ikikatika, hospitali palepale, musianze kutafuta majani.

Kabare: Gani inasaidia mkulima zaidi?

Zote mbili, ila zinaishi mbalimbali kabisa. Nyigu wanalea pamoja, jike moja inatawala kwa kugombana na wenzake. Kimulimuli hailee, mutoto wake anajitafutia: anauma konokono, sumu inamulegeza, anamukula. Huko Marekani majike ya Photuris, aina moja ya kimulimuli, yanaiga ishara ya taa ya Photinus, aina ingine, dume inakuja ikifikiri ni bibi yake, inaliwa. Mutu anayesema nyigu njo mukali asome hiyo.

Nguba: Mbona vimulimuli vinapungua?

Taa za inje zinawaka mpaka asubuhi, dume na jike haviwezi kuonana. Ongeza dawa za shamba na mabwawa tunayokausha tujenge. Zimeni taa mukienda kulala.

Ibanda: Naweza kuvifungia batoto ndani ya chupa?

Hapana. Kikishakuwa kikubwa kinaishi majuma machache tu, na hayo njo ya kutafuta mwenzake. Peleka batoto inje waone.