Chui mmoja, picha mbili: ipi ndiyo halisi?

SWALI: Naandika makala ya kitaaluma kuhusu kutambua chui kwa madoa yao. Picha moja nimeikuta katika machapisho mawili: huku chui anatazama kushoto, kule kulia, na rangi hazilingani. Nitajuaje ipi halisi, na niziwekeje kwenye makala?

JIBU: Anza na mwelekeo, maana hapo ndipo utafiti unapoharibika. Madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Picha ikigeuzwa kama kwenye kioo, chui mmoja anaweza kuorodheshwa kama wawili. Tafuta maandishi ndani ya picha, kwa mfano tarehe inayochapwa na kamera ya mtego, ile inayojipiga yenyewe mnyama anapopita. Yanayosomeka kinyume yanakuonesha iliyogeuzwa.

Kisha tazama kingo. Yenye eneo pana zaidi kwa kawaida iko karibu na asili, kwani kilichokatwa hakirudi, ingawa siku hizi akili unde inaweza kubuni pembezoni. Wingi wa pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, si ushahidi. Picha ndogo hutanuliwa. Rangi nayo hubadilika ikichapwa.

Kulinganisha kwenyewe: fanya kazi kwenye nakala, zote ziwe nyeusi na nyeupe. Punguza kubwa ifikie ndogo, usitanue ndogo, kwa sababu programu itabuni pikseli. Geuza iliyo kinyume, ipandishe juu ya mwenzake kwa uwazi wa asilimia 50, na uoanishe jicho na shina la mkia. Jicho na mkia vikikaa lakini madoa ya katikati yakakataa, huenda hizo ni picha mbili za mfululizo mmoja, si nakala.

Lakini picha zikidaiwa kupigwa nyakati tofauti, madoa kulingana kupita kiasi nako ni dalili ya kughushi. Picha za chui milia zilizotangazwa Shaanxi, China, mwaka 2007 zilidaiwa kuwa za mnyama hai, ilhali mistari yake ilifanana na ya bango la kuchapwa. Mwaka 2008 mamlaka zilitangaza kuwa ni za kughushi. Mnyama hai akisogea, ngozi hujikunja na mistari huhama.

Ushahidi wa mwisho ni faili ghafi ya mpiga picha, kama ilivyotoka kwenye kamera. Akutumie kama faili, kwani picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupoteza taarifa za tarehe na kamera.

Kwenye makala ziweke A na B kwa kipimo kimoja, na maelezo yataje ipi ni asili, nini kilikatwa, kiligeuzwa au kuongezwa mwanga. Mishale ya kuonesha madoa ichorwe kwenye nakala tu.