Mzee wa 71 leukemia imerudi, mbona dawa zake tofauti na za kijana?

Pole sana dada. Umeuliza mbona baba yako kapewa dawa za venetoklaksi na azasitidini baada ya leukemia (saratani ya damu) ya aina ya AML, ile inayokwenda kasi, kurudi, wakati binamu yako wa miaka 30 alipigwa kemo nzito ya FLAG-Ida. Wala sio kwamba mzee kadharauliwa. FLAG-Ida inashusha chembe za damu vibaya mno na mara nyingi lengo ni kumfikisha mtu kwenye upandikizaji wa uboho, sasa moyo na figo za mzee zinaweza zisihimili. Ila umri peke yake sio kigezo, kuna wazee wako fiti kuliko vijana, so muulize daktari kaangalia nini kingine.

Cha muhimu zaidi, ulizeni kama kipimo cha jeni ya FLT3 kimerudiwa, maana ugonjwa ukirudi unaweza kuwa umebadilika, na jeni hiyo ikikutwa na mabadiliko kuna vidonge vya gilteritinibu. Halafu mtaje dawa ZOTE anazomeza, hasa za fangasi, posakonazoli kwa mfano inapandisha venetoklaksi mwilini mpaka dozi inabidi ipunguzwe. Juisi ya balungi asiguse kabisa, kwa sababu hiyo hiyo. Na homa ikifika 38 hata iwe saa nane usiku msingoje kukuche, hospitali moja kwa moja.