Kwa Nini Ekseli Ipimwe Peke Yake?

SWALI: Ninaendesha lori la kubeba kokoto. Uzito wa jumla haukuzidi kikomo, lakini kwenye mizani niliambiwa kwamba ekseli ya nyuma imezidisha. Je, huo si uonevu?

JIBU: Ndugu msomaji, si uonevu, ingawa uchungu wako ninauelewa. Barabara hailijui lori zima. Inachobeba ni uzito unaoshuka kupitia kila ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, na majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito huo, kiasi kwamba ekseli ya tani 12 huiumiza lami karibu maradufu ya ile ya tani 10. Zitazame njia za kuingilia machimbo: lami imepasuka vipande vipande kama ngozi ya mamba, na maji yakishapenya humo, tabaka za chini hulainika. Kwa hiyo kokoto zisirundikwe sehemu ya nyuma ya bodi, bali zisambazwe. Tena mchanga uliolowa, na hili husahauliwa mno, ni mzito kuliko mkavu. Ninachoona serikali zinapaswa kufanya ni kulazimisha mizani iwekwe machimboni kwenyewe, ili dereva asibebeshwe kosa la mpakiaji.